Kufunga Linux bila Kubahatisha

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, anadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Masharti hayo yaliandikwa mbali sana na Ihanda, wilayani Karagwe, lakini uzito wake unafika huko. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama ilivyo kwingi Tanzania, laptopu anayoimudu mwalimu, katibu wa chama cha msingi cha kahawa au mwenye steshenari mara nyingi ni ile iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani, tena iliyotengenezwa kabla ya 2018. Ni mashine nzima. Inaandika barua, inatunza hesabu, inafungua mifumo ya serikali iliyoko mtandaoni. Ila kwa kanuni za Microsoft imeshastaafishwa. Linux ingeweza kuiongezea miaka kadhaa bila kununua leseni wala kifaa kipya. Kinachowazuia watu ni ile saa moja ya kufunga mfumo, saa ambayo mtu hajui skrini inayofuata italeta nini, wala kama akikosea ataweza kurudi alikotoka. Hofu hiyo ina msingi, na hoja yangu ni kwamba dawa yake imetafutwa mahali pasipo penyewe. Watengenezaji wamehangaika kupunguza maswali na kupamba skrini, ilhali anayeanza anahitaji kwanza kujua mapema kitakachotokea.

Tujiulize kwanza ni nani hasa anayefunga mfumo. Miongozo mingi ya Linux humfikiria mtu aliyekaa nyumbani, mwenye intaneti isiyokatika, kompyuta ya pili pembeni ya kutafutia majibu, na jioni nzima ya kujaribu. Katika miji midogo kama Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, mwenye kompyuta kwa kawaida hafungi mwenyewe. Anaipeleka kwa fundi, ambaye pengine ndiye huyo huyo anayetengeneza simu na kutoa kopi, na kumwomba ampigie Windows. Kupiga Windows ni huduma yenye bei inayojulikana na muda unaojulikana: unaiacha mashine asubuhi, unaifuata mchana ikiwa na Office, kicheza muziki na kizuia virusi, mara nyingi bila leseni halali. Fundi hana haja ya kuelewa kila hatua. Ameshaifanya kazi hiyo mara nyingi na matokeo ni yale yale. Hapo ndipo Linux inaposhindana, kwa sababu mteja halinganishi ubora wa mifumo miwili, anatafuta uhakika. Ikitaka kuingia katika kibanda cha fundi wa Omurushaka, Linux haina budi kumpa kile ambacho flashi yake ya Windows inampa tayari: kazi anayoweza kuitajia bei na saa kabla hajaianza.

Ukiishika kwa kipimo hicho, historia ya kufunga Linux inasomeka vizuri zaidi. Linus Torvalds alitoa kerneli yake, yaani kiini cha Linux, mjini Helsinki mwaka 1991, na miaka miwili baadaye toleo la Slackware lilikuja kwa furushi la diski laini. Mtu aligawa diski kwa mkono kwa programu ya fdisk, kisha akaingiza mwenyewe vipimo vya skrini yake na kuomba Mungu. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2000, pale Mjerumani Klaus Knopper alipotoa Knoppix, Linux iliyowaka yote kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya mashine. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilichukua wazo hilo, na katika toleo la Juni 2006 CD ya kujaribia ikawa ndiyo hiyo hiyo ya kufungia. Tangu hapo mtu aliweza kuona kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama kibodi yote inaandika, kabla hajatoa uamuzi usiorudi nyuma. Idadi ya maswali haikupungua sana. Kilichopungua ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kupitia mpango wa ShipIt, uliodumu kuanzia 2005 hadi 2011, CD hizo zilitumwa bure kwa posta duniani kote, zikawafikia hata watu ambao intaneti yao isingeweza kupakua faili la ukubwa huo.

Miaka iliyofuata ilitoa mifano miwili ya urahisi uliokosa uhakika. Mwaka 2008 Ubuntu ilikuja na Wubi, programu iliyofunga Linux ndani ya Windows kama inavyofungwa programu nyingine yoyote, na kuiondoa vivyo hivyo. Hakuna njia iliyokuwa nyepesi kuliko hiyo. Lakini diski nzima ya Linux ilikuwa faili moja tu lililolazwa ndani ya diski ya Windows, na maelezo yake yenyewe yalionya kuwa mpangilio huo huumia upesi umeme unapozimika ghafla. Mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, urahisi wa leo uligeuka msiba wa wiki ijayo. Mwaka 2013 Ubuntu 13.04 ikaachana nayo. Mfano wa pili ni Fedora 18, ya familia nyingine ya Linux. Waandishi wake waliiandika upya programu ya kufunga, Anaconda, wakaacha mfululizo wa hatua na kuweka ukurasa mmoja wenye mada zote ili mtu aguse anachotaka tu. Toleo lililopangwa kutoka Novemba 2012 likatoka Januari 2013, na sehemu ya diski ikalalamikiwa sana, kwa kuwa mtu hakuweza kusema kwa yakini diski yake itafanywa nini, wala lini. Skrini zilipungua, wasiwasi ukaongezeka. Mifano yote miwili inaonya dhidi ya kuhesabu mibofyo kana kwamba ndiyo ugumu wenyewe.

Tangu 2012, Windows 8 ilipoingia sokoni pamoja na kompyuta za UEFI (namna mpya ya kuwasha mashine) zenye Secure Boot, yaani ukaguzi wa sahihi ya programu mashine inapowaka, sehemu kubwa ya mitego imehama. Leo haimo katika programu ya kufunga. Imo kabla yake. Ili mashine iwake kutoka kwenye flashi, HP huhitaji kitufe cha Esc au F9, Dell na ThinkPad F12, na kila moja hutoa nafasi ya sekunde chache tu. Ubuntu, Fedora na Debian zina sahihi inayokubaliwa na Secure Boot, lakini matoleo mengine hayana, nayo hukataliwa kwa ujumbe unaomtisha mtu kana kwamba amebeba kirusi. Windows nayo, ikiwa na kipengele chake cha kuwaka haraka, haizimiki kabisa unapoizima. Huhifadhi hali yake kwenye diski, na Linux ikifika hapo hukataa kuandika chochote kwenye eneo hilo. Kwenye baadhi ya mashine za Intel diski haionekani kabisa hadi mpangilio mmoja ubadilishwe ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, badiliko dogo katika mipangilio ya kuwaka linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mwenye mashine iliyotumika pengine hajawahi hata kusikia kuwa upo. Yote haya hutokea kabla Linux haijauliza swali la kwanza, na lawama zote huiangukia Linux.

Programu ya kufunga yenyewe haina usafi wa malaika, na skrini ya diski inatosha kuthibitisha. Hapo mtu hupewa njia tatu: kufuta diski na kufunga, kufunga kando ya Windows, au kugawa mwenyewe. Fundi aliyezoea kupiga Windows anasoma njia ya kwanza kwa mazoea yake. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamekuwa wakiigawa diski moja sehemu mbili, C ya mfumo na D ya mafaili ya mteja, ili siku Windows ikiharibika wafute C peke yake, na picha za harusi, mitihani ya shule na hesabu za duka zibaki salama katika D. Skrini ya Linux haina C wala D. Ina sda, au nvme0n1, pamoja na ukubwa wa diski, na chini yake flashi yenyewe inayofungiwa, pengine ikiitwa sdb. Akichagua kufuta diski akidhani ni C, D nayo inakwenda. Hakudanganywa: programu imefanya ilichosema, isipokuwa imekisema kwa lugha ya diski, naye anafikiri kwa lugha ya mafaili ya mteja. Onyo moja kwamba kila kilichomo katika diski hii kitafutika, pamoja na mafaili yaliyo D, yenye ukubwa fulani, lingeokoa zaidi kuliko kuondoa skrini tano. Programu inao uwezo wa kulitoa, kwa kuwa inaziona sehemu zote za diski na ukubwa wa kila moja.

Kwamba jambo hili linarekebishika likitakiwa, Debian imeonyesha. Kwa miaka mingi mradi huo ulikataa kuweka katika diski zake rasmi za kufungia zile programu ndogo ambazo vifaa kama kadi za Wi-Fi huzihitaji ili vifanye kazi, kwa sababu nyingi hazina leseni huru. Msimamo ulikuwa safi, na matokeo yake yalikuwa mkanganyiko: mtu alifika katikati ya kufunga akaambiwa kadi yake ya mtandao inahitaji faili ambalo hana, na ili alipate alihitaji mtandao ambao hana. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu mafaili hayo yaingie, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa ya kwanza kuja nayo katika diski rasmi. Wapo waliosikitika, na sikitiko lao lina haki; uhuru wa programu ndio uliozaa Debian. Hata hivyo kura ile ilitambua jambo ambalo wanaopigania uhuru husahau mara nyingi: mtu aliyekwama nusu ya safari harudi kwenye programu huru, anarudi kwenye Windows isiyo na leseni, ambayo haina uhuru wala uhalali.

Katika Karagwe na Kyerwa hayo yote yanakutana na mambo mawili ambayo waandishi wa miongozo hawayaoni: bando na umeme. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, Linux Mint 22 karibu GB 3, na faili dogo la Debian la kufungia kwa mtandao halifiki hata GB 1. Mtu anayehesabu bando lake atavutiwa na hilo dogo, na ndilo lenye mtego mkubwa, maana sehemu kubwa ya mfumo itapakuliwa wakati wa kufunga, kwa mwendo usiojulikana, na mtandao ukikatika kazi inasimama nusu. Faili kubwa lililokamilika hulipiwa mara moja, kisha hunakiliwa kwenye flashi kumi bila senti ya ziada. Ila lazima likaguliwe kwa namba ya SHA256 inayotolewa na wenye mfumo, kwa kuwa faili lililopakuliwa likiwa na pengo humkwamisha mtu mbele ya safari kwa kosa lisiloeleweka, naye hudhani laptopu ndiyo mbovu. Kuhusu umeme, mkoa wa Kagera, zilimo wilaya hizi mbili, kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka Uganda badala ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme si habari ngeni. Laptopu iliyotumika mara nyingi ina betri iliyochoka. Umeme ukizimika mfumo wa zamani umeshafutwa na mpya haujapata cha kuuwasha, mteja anakuta kioo cheusi. Kukagua betri kabla ya kuanza, na kuahirisha kazi kama haishiki hata nusu saa, ni sehemu ya kufunga mfumo kama ilivyo kuchagua lugha.

Hata hivyo soko la mitumba, linalodharauliwa, limebeba faida ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kampuni za Ulaya na Marekani hununua laptopu za kazi kwa mamia, za aina moja, na kuziuza kwa mkupuo mkataba wa miaka michache unapokwisha. Ndiyo maana katika maduka ya kompyuta zilizotumika Afrika Mashariki majina yanajirudia: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Mnunuzi wa kompyuta mpya mjini London ana mamia ya aina mbele yake, zikiwa na vifaa ambavyo kerneli bado inajifunza kuvitambua. Mnunuzi wa Kayanga ana aina chache zilizozeeka, ambazo wahandisi wengi wa Linux wenyewe walizitumia zilipokuwa mpya, na ambazo vifaa vyake vimekuwa ndani ya kerneli kwa miaka. Hoja maarufu kwamba Linux haiwezi kutabirika kwa sababu kompyuta ni za aina nyingi mno inapoteza nguvu nyingi hapa kwetu. Orodha ya aina kumi au kumi na tano, kila moja ikiwa na kitufe chake cha kuwakia, hali ya Wi-Fi yake na mpangilio mmoja au miwili ya BIOS, ingeweza kugusa sehemu kubwa ya laptopu zinazopita mikononi mwa mafundi wa Bugene na Isingiro.

Ukitazama mahali ambapo Linux imeenea katika ukanda huu, utaona kwamba karibu kote uamuzi mgumu ulifanywa mapema na watu wachache. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda iligawa kwa wanafunzi zaidi ya laptopu 200,000 za OLPC, mpango wa laptopu moja kwa kila mtoto, kuanzia 2008, zote zikiwa na Linux ndani. Matatizo yaliyosemwa yalikuwa umeme, mafunzo ya walimu na matengenezo. Kufunga mfumo hakukuwamo, kwa kuwa hakuna mtoto aliyefunga. Camara, shirika lililoanza Dublin mwaka 2005 na ambalo limefanya kazi Tanzania na Kenya, lilipokea kompyuta zilizotumika, likazisafisha diski na kuzijaza mfumo wake uliotokana na Ubuntu, Camarabuntu, pamoja na masomo ya kutumia bila intaneti. Huko Karatu, mkoani Arusha, Powering Potential imepeleka shuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, ambazo mfumo wake mzima ni kadi moja iliyoandikwa tayari. Kadi ikiharibika inaandikwa nyingine iliyo sawa nayo. Nchini Kenya mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa KenyaEMR umefungwa katika mamia ya vituo vya afya juu ya Ubuntu, na muuguzi anayeutumia hakuwahi kuulizwa diski igawanywe vipi. Urahisi alioupata mtumiaji wa mwisho ulitokana na maswali yaliyojibiwa mara moja, na mtu anayejua, kwa niaba ya wengi.

Nyenzo za kufanya hivyo kwa fundi wa mji mdogo zipo, na hazihitaji shirika la kigeni. Linux Mint ina namna ya kufunga iliyokusudiwa wauzaji wa kompyuta: fundi anafunga mfumo, anajaribu Wi-Fi na sauti, anaongeza programu ya ofisi na dereva za printa zinazotumika mjini, kisha anauandaa kwa ajili ya mteja kwa bonyezo moja. Mteja akiiwasha nyumbani anaulizwa lugha, kibodi, saa za eneo, jina na nywila tu. Kwa maabara ya shule ya kata, iwe Ihanda au Nkwenda, Clonezilla, iliyoandikwa na wahandisi wa Taiwan, inachukua nakala ya mashine moja iliyokamilika na kuimwaga kwenye nyingine za aina hiyo, bila intaneti. Ubuntu na Debian zinakubali faili la majibu linaloeleza kila uamuzi kabla, hivyo programu ya kufunga haiulizi chochote. Toleo likiwa la huduma ndefu, kama Ubuntu 24.04 au Mint 22 zinazohudumiwa hadi 2029, fundi hana haja ya kujifunza upya kila baada ya miezi sita. Kinachobaki ni kazi ya kuchagua: toleo moja, orodha ya mashine, na karatasi ya ukurasa mmoja inayosema hatua zinavyofuatana, kila moja inachukua muda gani, na ni ipi ambayo ukishaipita hakuna kurudi. Karagwe ina historia ya njia hii. Katika miaka ya 1990 kituo cha KARADEA kilifundisha mafundi wa umeme wa jua wakati teknolojia hiyo ilikuwa bado ngeni vijijini, kwa kuwashika mafundi wa mahali hapo badala ya kumtaka kila mwenye nyumba awe mtaalamu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya mpango huu hutoka kwa wapenzi wa Linux wenyewe. Watasema kwamba kuchagua toleo moja na mpangilio mmoja ni kuua kile kinachoifanya Linux iwe Linux, yaani wingi wa njia na haki ya kila mtu kupanga mashine yake atakavyo. Wingi huo una thamani, na hakuna anayetaka kuufuta. Toleo lililofungwa kwa karatasi ya fundi linaweza kubadilishwa kesho yake na mwenye mashine. Lakini haki ya kuchagua inamfaa anayezijua tofauti za vitu anavyochagua. Anayeulizwa siku ya kwanza kama anataka ext4 au btrfs, au dawati la GNOME au Cinnamon, amepewa mtihani bila kufundishwa somo, na akijibu kwa kubahatisha hawezi kusema ametumia uhuru wake. Wala mpango huu hauzuii wilaya jirani kuchagua toleo jingine. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ikiona Debian inaifaa zaidi, sharti ni lile lile tu: ichague, iijaribu kwenye mashine zake, iiandike.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wapo wanaosema kuhangaika na kufunga ndiko kunakomfundisha mtu, na kwamba kizazi cha wahandisi wetu wa leo kilijengwa na usiku wa kukwama. Kuna ukweli ndani yake, lakini una upogo, kwa kuwa tunawasikia waliovuka na hatuwasikii walioacha. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye kompyuta yake ya mazoezi anaweza kukwama kwa faida. Mwalimu mkuu ambaye mashine yake ina matokeo ya mtihani wa muhula hana anasa hiyo. Tena mfumo unaotabirika hufundisha vizuri zaidi, kwa sababu tokeo la kila hatua linajulikana, na likienda kombo mwanafunzi anajua ni hatua gani iliyoleta kombo hilo. Pale ambapo kila jaribio hutoa jibu tofauti, mtu hujifunza ushirikina: kurudia yote tangu mwanzo na kutumaini.

Pingamizi la tatu halijibiki lote. Hata Linux ikifungwa bila shida, mteja ataitaka Office aliyoizoea, mwanafunzi atafundishwa kwa picha za Windows zilizo kitabuni, na mhasibu ana programu ambayo haiendeshwi na Linux. Kwa hao jibu la kweli ni kuwaacha walipo. Kuwafungia Linux kando ya Windows, jambo linalopendekezwa mara kwa mara kama njia ya katikati, ndiyo kazi yenye mitego mingi kuliko zote, maana inakusanya UEFI, BitLocker na kuwaka haraka kwenye diski moja yenye mali ya mtu. Anayeanza angependekezewa mambo mawili tu: kujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, au kuhamia moja kwa moja baada ya kunakili mafaili yake nje. Kufunga kando ya Windows kungebaki kwa fundi anayejua anachofanya. Eneo linalofaa kuanzia ni lile ambalo kazi nyingi iko ndani ya kivinjari au barua na majedwali ya kawaida: steshenari, maabara za shule, ofisi za vyama vya msingi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma, na mashine za mgao wa namna hiyo, zikiwa za aina moja, ndizo rahisi kuliko zote kutayarishwa kwa nakala moja.

Suala la lugha linaingia hapa kwa kiasi chake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikisha wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ulikuwa ushahidi kwamba kazi hiyo inawezekana, na pia wa ukubwa wake, kwa kuwa kila toleo jipya la programu huja na sentensi mpya zinazosubiri mtafsiri. Kungoja programu zote za kufunga zitafsiriwe kikamilifu ni kungoja muda mrefu. Sentensi zinazoamua hatima ya mafaili ya mtu, ambazo pengine hazifiki ishirini, zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili kizuri mwaka huu huu katika karatasi ya fundi, zikiwa na picha ya kila skrini na mshale wa mahali pa kubonyeza.

Mafanikio ya mpango wa namna hii yapimwe kwa jaribio ambalo wilaya yoyote inaweza kulifanya. Wapewe mafundi wawili wasiojuana, mmoja Ihanda na mwingine Murongo, karatasi moja, flashi zinazofanana na laptopu za aina moja. Kabla hawajaanza, kila mmoja aandike kazi itachukua muda gani, nini kitafutika na mteja atakuta nini akiiwasha. Kazi ikiisha, kilichoandikwa kilinganishwe na kilichotokea. Palipo na tofauti ndipo pa kurekebisha, iwe ni sentensi ya karatasi, aina ya mashine inayopaswa kutolewa kwenye orodha, au onyo ambalo waandishi wa Linux huko waliko wanapaswa kuletewa ripoti yake. Mibofyo inaweza kubaki ile ile. Siku makadirio ya mafundi hao yatakapolingana na matokeo, fundi wa Kayanga ataweza kutaja bei ya kupiga Linux kwa ujasiri ule ule anaotajia ya Windows, na mteja atakuwa na sababu ya kumwachia mashine yake.